Kipimo cha Jinja na Sanduku la Mashemasi

Somo: Mwanzo 41:33–49



Wahubiri tunapenda ndoto za Farao. Leo nawaomba tutazame sehemu ya tano. Yusufu alitenga sehemu hiyo ya mavuno miaka saba mfululizo, shibe ikiwa bado mezani.

Mto wetu Lubiriha hauna ghala kama la Yusufu. Mvua ikipiga Rwenzori, unafurika. Mvua ikikatika, mawe yanaonekana. Maji yake huingia Ziwa Edouard, yakafuata Semliki hadi Ziwa Albert, na huko yanakutana na maji ya Ziwa Victoria. Hayo ya Victoria hutolewa kwa kipimo. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, ilikubaliwa kwamba kina cha ziwa ndicho kiamue maji ya kuachiliwa: yapite yale ambayo maporomoko ya zamani yangepitisha yenyewe. Wataalamu wanaokadiria akiba ya ziwa hilo hujumlisha mvua na mito, wakatoa mvuke na maji yanayotoka. Mvuke ni mwingi ajabu. Jua hunywa kuliko mto.

Kati ya 2004 na 2006 kanuni ilivunjwa. Umeme ulihitajika, ukame nao ulikuwapo, maji yakaachiliwa kupita kipimo. Ziwa likashuka kuliko lilivyoonekana kwa miaka themanini hivi. Mei 2020 mambo yakageuka: kipimo cha kina cha maji pale Jinja kilifika mita 13.42, na nyumba nyingi za pwani ya ziwa zikaingia maji.

Kuweka akiba, basi, ni nusu tu ya kazi; nusu ya pili ni kuitoa kwa kipimo. Hata Yusufu simsifu kwa yote. Someni sura ya 47: wenye njaa walilipa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba na miili yao. Ghala lilijaa kwa hekima, likafunguliwa kwa bei kali.

Sanduku letu la wahitaji nalo linajazwa siku za biashara nzuri mpakani, na huishia kwa anayelia kwa sauti kubwa. Mjane asiyejua kusimama mbele ya watu anarudi mikono mitupu. Wakimbizi wakifika usiku, tunaanza kuchangisha upya.

Mashemasi, naomba Jumapili ijayo mtuletee hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Halafu kanisa zima tukubaliane kiasi cha kutoa kila mwezi kulingana na kilichomo, na wajane waandikwe wa kwanza.