Nyumba ya Wote Ni Mali ya Nani?

Shituru, huko Likasi katika Katanga ya Juu, ni mahali pa kazi. Kiwanda cha kusafisha shaba kilianza huko mwaka 1929, nacho kikavuta watu wa makabila mengi. Mahali pa namna hiyo hapakosi nyumba kuukuu iliyoachwa, kama vile ghala au darasa. Siku moja mtu hung'oa bati. Jirani yake humwona, naye huchukua matofali kumi ya kujengea jiko. Kila mmoja husema moyoni, “Simwibii mtu, kwani nyumba hii haina mwenyewe.” Je, asema kweli?

La, hasemi kweli. Kwanza, wapo waliochoma matofali yale na kuyabeba. Jasho lao limo ukutani, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa. Pili, wapo watoto ambao wangeweza kusomea humo, na wazee ambao wangeweza kuamulia humo mashauri. Wizi hauwi mdogo kwa sababu walioibiwa ni wengi.

Wengine hujibu, “Nyumba zile ni ukumbusho wa taabu. Heri zibomoke.” Neno hilo lastahili kusikilizwa, maana taabu ilikuwa ya kweli. Lakini aliyejenga kwa taabu ndiye apaswaye kuliko wote wajukuu wake wakae katika kivuli cha kazi yake. Kuibomoa ni kumnyang'anya mara ya pili.

Tazameni Unguja. Mbele ya bahari lipo jumba ambalo tajiri Tharia Topan aliliwekea msingi mwaka 1887. Likawa zahanati miaka mingi. Kisha, baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, likachakaa. Katika miaka ya 1990 lilitengenezwa, likawa nyumba ya utamaduni. Lakini Beit-el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo, na mafundi wawili wakafa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na pengine ukuta haungoji.

Basi, wanakijiji wafanyeje? Kwanza waombe ruhusa kwa mwenye mamlaka juu ya kiwanja, kwa maana tendo jema halianzi kwa kunyakua. Wakati wa kiangazi waanze na paa, ndipo chokaa, kwani adui wa kwanza wa ukuta ni mvua. Ufunguo akabidhiwe mtu mmoja mwaminifu, na fedha ziandikwe katika daftari ambalo kila mtu aweza kuliona. Tena wapangane zamu za kufagia. Nyumba iliyotengenezwa bila kufagiwa itarudia ugofu wake.

Na yule aliyechukua matofali kumi? Asifukuzwe, naye asijifiche. Majuto bila kurudisha ni nusu ya toba. Ikiwa matofali yamekwisha kuwa jiko, achome mengine kumi, ayalete mchana, kisha abaki kusaidia kujenga.