Imefutika au Nimeifuta?

Kabla sijaingia chuo kikuu kusomea Kiswahili, nilisoma cheti cha kompyuta, na kwa cheti hicho nilipata kibarua katika ofisi ya chama kidogo cha akiba na mikopo mjini Fort Portal, magharibi mwa Uganda. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha kompyuta tano ili wafanyakazi wote watumie daftari moja la wanachama. Katika insha hii ninataka kusimulia kosa lililotokea katika kazi hiyo, kisha nijaribu kujibu swali ambalo limenisumbua tangu siku zile: kitu kikiwa cha wengi, kosa lake ni la nani?

Kwanza nieleze hali niliyoikuta. Kila mfanyakazi alikuwa na nakala yake ya orodha ya wanachama. Keshia alikuwa na yake, afisa mikopo yake, meneja yake, na nakala hizo zilihamishwa kwa flashi kutoka meza hadi meza. Mwisho wa mwezi hesabu hazikulingana. Tena, kwetu Tooro watu huitana kwa empaako, yaani majina ya heshima na mapenzi ambayo yako 12 tu, kwa hiyo mtu akisema "Akiiki amelipa," Akiiki walikuwa wengi. Nikampa kila mwanachama namba yake, nikaunda hifadhidata kwa programu ya Access. Majedwali yote niliyaweka kwenye kompyuta ya meneja, ndani ya folda ya pamoja. Fomu za kuingizia taarifa niliziweka kwenye kila kompyuta. Kebo zikapita ukutani hadi kwenye swichi. Siku tulipoiwasha, keshia aliandika malipo kaunta na meneja akayaona palepale akiwa ofisini kwake. Watu walipiga makofi, nami nikajiona fundi.

Lakini daftari la pamoja lina jambo lake. Watu wawili wanaweza kufungua rekodi moja kwa wakati mmoja, na usipoipanga programu hiyo vingine, itawaruhusu wote wawili kuibadilisha. Wa kwanza akihifadhi, hakuna neno. Wa pili akitaka kuhifadhi, hutokea ujumbe wa kumweleza kwamba mwenzake amekwisha kuibadilisha rekodi ileile, na hapo hupewa vitufe vitatu. Cha kwanza ni kuhifadhi ya kwake, na ya mwenzake yafutwe. Cha pili ni kuyanakili pembeni ya kwake ili kwanza atazame ya mwenzake. Cha tatu ni kuyaacha ya kwake. Kwa hiyo programu haimfichi mtu kitu. Inamuuliza.

Wiki ya kwanza afisa mikopo, ambaye empaako yake ni Araali, aliniita kuuliza maana ya ujumbe huo. Nilikuwa juu ya ngazi nikipigilia kebo. Sikushuka. Nilimjibu, "Araali, ikikuuliza chochote, bonyeza kitufe cha kwanza." Kiingereza cha ujumbe ule alikijua vizuri kuliko mimi. Aliacha kuusoma kwa sababu fundi alimwambia hakuna haja.

Siku moja mwanachama alikuja kulipa shilingi 350,000 za mkopo wake. Keshia, tuliyemwita Abwoli, mama wa makamo aliyefanya kazi pale kwa miaka mingi, alipokea fedha, akaandika risiti, akapunguza deni kwenye kompyuta. Wakati huohuo Araali alikuwa ameifungua rekodi ya mwanachama yuleyule ili abadilishe namba ya simu. Ujumbe ukatokea. Araali akabonyeza kitufe cha kwanza. Namba mpya ya simu ikaingia, na deni la zamani likarudi.

Wiki mbili baadaye mwanachama alikuja na risiti yake, akaambiwa bado anadaiwa. Risiti ilikuwa ya mwandiko wa Abwoli, na kompyuta haikuonyesha malipo. Fedha za siku kadhaa zilikuwa zimepelekwa benki kwa mkupuo mmoja, na kuzichambua kulihitaji muda. Meneja akamwambia Abwoli akae nyumbani kwanza. Hakuna aliyemwita mwizi kwa mdomo, lakini katika mji mdogo mtu aliyeambiwa akae nyumbani huwa amekwisha kuitwa.

Jumanne usiku nilibaki ofisini peke yangu. Nilifungua rekodi moja kwenye kompyuta mbili, nikabadilisha huku na huku, nikabonyeza kitufe cha kwanza. Nililiona kosa kwa macho yangu. Nililiona na la pili, ambalo ni langu kabisa: deni nilikuwa nimelihifadhi kama tarakimu moja inayobadilishwa, badala ya kuweka kila malipo kwenye mstari wake na kuiacha kompyuta ihesabu. Mhasibu wa daftari la karatasi hafanyi hivyo. Akikosea hukata kwa mstari na kuandika upya, na la zamani hubaki likisomeka. Daftari langu halikubakiza chochote.

Nilisema Alhamisi. Jumatano yote nilinyamaza, kwa sababu nusu ya ujira wangu ilikuwa haijalipwa, na ujira huo ndio ulikuwa wa kunipeleka chuoni. Siku hiyo nilitunga sentensi ya kumwambia meneja: "Taarifa imefutika kwenye mfumo." Niliona sentensi hiyo ingemwokoa Abwoli bila kuniumiza mimi. Na haikuwa uongo, kwa maana taarifa ilikuwa imefutika kweli.

Baadaye, darasani, mwalimu alipotufundisha kauli za vitenzi, niliikumbuka sentensi hiyo. Kauli ya kutendwa inakubali mtendaji: imefutwa na fulani. Kauli ya kutendeka haimkubali. Huwezi kusema "imefutika na Araali." Kikombe kimevunjika, fedha zimepotea, taarifa imefutika, na hakuna wa kuulizwa. Sisemi kwamba kauli hiyo ni mbaya, maana mambo mengine hutokea bila mtu: mti huanguka, kamba hukatika. Ubaya huja pale tunapojua mtendaji ni nani, tena ni sisi, kisha tukachagua kitenzi kisichompa nafasi. Kila neno la sentensi linakuwa kweli, na anayesikia anaondoka na uongo.

Sasa nirudi kwenye swali. Kosa lilikuwa la nani? Huenda msomaji akasema ni la Araali, kwani kidole kilikuwa chake. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako, anasema kwamba anayetenda bila kujua hakutenda kwa hiari, ila kama kutojua kwenyewe kumetokana naye, kama mlevi aliyejilewesha. Nikilitumia wazo hilo, Araali alikuwa na sehemu yake, kwa kuwa ujumbe ulikuwa mbele yake na aliweza kuusoma. Lakini kutojua kwake kulitoka kwangu zaidi kuliko kwake. Mimi ndiye niliyemzoesha asisome.

Mwingine atasema kosa ni la wote: la meneja aliyetaka kazi iishe haraka, la Araali, la kwangu, hata la Abwoli ambaye hakuitazama rekodi tena jioni. Jibu hili linaonekana la haki, nami nililipenda Jumatano ile. Lakini kuna hatari ndani yake. Mzigo wa gunia ukibebwa na wanne, kila mmoja hubeba robo. Kosa haligawanyiki hivyo. Wanne wakishiriki kosa, mmoja hawezi kusema "mimi nitakiri robo yangu wengine wakishakiri zao." Sehemu yangu ilikuwa kamili hata kama wenzangu nao walikuwa na za kwao, na Abwoli alikuwa nyumbani akingojea mtu mmoja tu aseme.

Edgar F. Codd, aliyeweka msingi wa hifadhidata za majedwali katika makala yake ya mwaka 1970, alitaka mtumiaji asilazimike kujua taarifa zimepangwaje ndani ya mashine. Ni wazo zuri, na ofisi nyingi zinafanya kazi kwa sababu yake. Araali hakuhitaji kujua faili iko wapi wala kebo inapita wapi. Alichohitaji kujua ni kwamba upande wa pili wa kitufe kuna mtu, naye ameandika jambo. Hilo fundi hana ruhusa ya kumpunguzia mtumiaji. Mimi nililipunguza nikiwa juu ya ngazi, kwa maneno machache.

Alhamisi asubuhi nilimwambia meneja: "Nimeifuta mimi. Araali alibonyeza kwa sababu nilimwambia abonyeze." Nilimwonyesha kwenye kompyuta mbili, kama nilivyoona Jumanne. Abwoli aliitwa siku hiyohiyo. Nilirekebisha mfumo: kila malipo yakawa na mstari wake usiofutwa, kila mstari ukabeba jina la aliyeuandika, na rekodi inayobadilishwa na mmoja ikafungwa kwa wengine mpaka amalize. Kazi hiyo ya pili sikulipwa, na hilo lilikuwa haki.

Nilikwenda kaunta kumwomba Abwoli radhi. Nilimweleza habari za vitufe vitatu, akasikiliza kwa utulivu, akasema kosa la kazi kila mtu hulifanya. Kisha akauliza, "Atwoki, ulijua lini?" Nikasema Jumanne usiku. Akahesabu kwa vidole, Jumatano, Alhamisi, halafu akaendelea kupanga risiti zake.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba makosa yalikuwa mawili. La kwanza lilitokea bila mimi kulikusudia, na mashine ilikuwa na nafasi ndani yake. La pili lilidumu siku nzima, nikiwa macho, na halikuhitaji kompyuta wala kebo. Abwoli alilisamehe la kwanza kabla sijamaliza kueleza. La pili hakulitaja tena, nami sikuthubutu kumuuliza.