Kuanza upya si kupoteza

Vijana wenzangu, dada yangu mmoja yuko Marekani. Ana digrii ya uchumi, sasa anasomea uuguzi kwenye programu ya haraka ya miezi 16, ya wenye digrii tayari. Akimaliza, anasubiriwa na mtihani wa leseni, NCLEX. Nyumbani wanasema, "Si amepoteza miaka minne?"

Mimi niliyesoma falsafa nasema hapana. Mtakatifu Kamili wa Lellis alikuwa askari na mcheza kamari. Alikaa darasani na watoto akiwa mtu mzima, akapewa upadre mwaka 1584. Leo ndiye msimamizi wa wauguzi.

Mungu akikuita upya, usiogope dawati. Mgonjwa hatakuuliza ulichelewa wapi. Tumwombee dada, jamani.