Kioo Kikivunjika: Tutengeneze au Tununue Nyingine?



Siku hizi nyumba nyingi za mtaa wetu zenye kijana chuoni zina kompyuta mpakato, na ofisi za makanisa nazo huandikia barua na kutunzia hesabu kwa chombo hicho. Nacho, kama vyombo vyote, huanguka, hukaliwa, au hufungwa huku kalamu imesahauliwa juu ya vitufe, na kioo kikapasuka. Hapo swali huzuka: tuipeleke kwa fundi, au tununue nyingine? Wengi hudhani hilo ni swali la mfuko tu. Sisi twaona kwamba ni swali la dhamiri pia, na twapenda kulipima hapa kwa kusikiliza pande zote mbili.

Kwanza yatupasa kujua ni nini hasa kilichovunjika. Kioo cha kompyuta ni vipande viwili vyembamba, na katikati yake umo ute wa fuwele unaopitisha nuru au kuizuia. Nyuma yake iko taa. Waya mwembamba hupita kwenye bawaba na kukiunganisha na ubao mkuu ulio chini ya vitufe. Kwa hiyo kioo kikipasuka, mara nyingi ubongo wa kompyuta na kumbukumbu zake ni vizima kabisa. Kuhakikisha si kazi ngumu. Iunganisheni na televisheni kwa waya wake. Picha ikitokea huko, ugonjwa uko kiooni au kwenye waya wa kioo. Kioo kikiwa cheusi bila ufa, kimulikeni kwa tochi. Mkiona picha hafifu, basi ni taa ya nyuma iliyokufa. Twasema haya kwa sababu hukumu isiyotanguliwa na uchunguzi si ya haki, iwe juu ya mtu au juu ya chombo.

Iko kanuni moja inayofuatwa na wengi: gharama ya kutengeneza ikizidi nusu ya bei ya kununua nyingine, usitengeneze. Tuseme kioo pamoja na ujira wa fundi ni shilingi 200,000, na kompyuta mpya ni shilingi 1,200,000. Kanuni yasema, tengeneza. Tuseme tena kwamba kompyuta ina miaka minane, na nyingine ya mtumba yenye nguvu kama yake yauzwa shilingi 300,000. Kanuni yasema, acha. Kanuni hii si mbaya; hutuzuia kumimina fedha katika mtungi uliotoboka. Lakini hupima mfuko wa mwenye mali peke yake, na wako watu watatu isiowaona.

Wa kwanza ni mchimbaji. Betri nyingi za kompyuta zina madini ya kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika nchi ya Kolwezi na Lubumbashi. Huko wako watu wanaochimba kwa mikono katika mashimo yasiyo salama, na watoto wameonekana miongoni mwao. Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuitupa kompyuta nzima kwa ajili ya kioo ni kuyahesabu majasho hayo kuwa si kitu.

Wa pili ni fundi. Ni kweli kwamba kioo chenyewe kimetoka ng'ambo, na fedha yake hurudi huko. Lakini ujira wa mikono hubaki hapa, nao humlisha kijana aliyejifunza kazi kwa subira. Sisi tuliofundisha katika vyuo vya ualimu baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967 twakumbuka jinsi walimu wanafunzi walivyofundishwa kufaragua zana kwa vifuniko, maboksi na mabati. Shabaha haikuwa umaskini. Shabaha ilikuwa mtu ajue kwamba akili yake na mikono yake vyaweza kukifanya kitu kifae tena.

Wa tatu ni jirani wa jalala. Kwa taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme katika mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo hazikufika robo. Nyingine huenda wapi? Kule Agbogbloshie, Accra, vijana walichoma waya kwa miaka mingi wapate shaba, wakivuta moshi wa sumu, hata serikali ilipolibomoa soko lile la vyuma chakavu mwaka 2021. Tukisema tumetupa, maana yake tumemtupia mtu mwingine.

Katika 2 Wafalme 12 twasoma habari za Mfalme Yoashi. Aliwaagiza makuhani wazibe nyufa za nyumba ya Bwana kwa fedha za watu, lakini hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake nyufa zilikuwa hazijazibwa. Ndipo kuhani Yehoyada alipotoboa kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya madhabahu, na fedha zikafika mikononi mwa mafundi. Tuone mambo mawili. Nyumba haikubomolewa kwa sababu ina nyufa, bali ilitengenezwa. Tena kazi ilichelewa, ingawa fedha zilikuwa zikitolewa, kwa sababu hazikuwa zimetengwa kwa kazi hiyo. Kompyuta nyingi hufa hivyo hivyo: si kwa ufa, bali kwa kukaa kabatini miaka mitatu zikingoja shauri.

Sasa tuusikilize upande wa pili, maana nao una haki yake. Bwana wetu mwenyewe, katika Mathayo 9, alionya juu ya kiraka kipya katika vazi kuukuu. Si kila kitu cha kushonwa. Huduma ya kawaida ya programu ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ziko kompyuta za zamani zisizoweza kupokea toleo lililofuata. Zaweza kufanya kazi kwa programu huria kama Linux, lakini ni lazima awepo mtu wa kuziangalia. Bawaba zikiwa zimevunjika, betri imevimba, na ubao umeingia maji, kioo kipya ni kiraka cha jinsi hiyo. Aidha yupo mwanafunzi ambaye utafiti wake wadaiwa wiki ijayo, na fundi asema kioo chatoka mbali. Kumnyima chombo kwa jina la kiasi ni ubahili uliovaa kanzu.

Je, tushike lipi? Sisi twaona kwamba kazi ya kujieleza ni ya yule anayetaka kuacha, si ya yule anayetaka kutengeneza. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Moyo hauhitaji kufundishwa kukipenda, kwa hiyo yafaa uulizwe maswali. Je, tumechunguza? Je, chombo kitatumika miaka mingapi baada ya kutengenezwa? Je, yupo anayeumia kwa kungoja? Je, kile cha zamani kitakwenda wapi? Akiyajibu kwa ukweli na bado akaona ni lazima kununua, anunue kwa amani.

Ikiwa fedha ni za kanisa, neno hili ni zito zaidi. Katika mfano wetu wa kwanza tofauti ni shilingi 1,000,000, na ndani yake imo sarafu ya mjane asiyejua kompyuta ni nini. Halmashauri isiitumie kabla fundi hajaulizwa. Naye fundi aandikiwe makubaliano: ukubwa wa kioo, idadi ya pini za kiunganishi, kwamba ni 30 au 40, bei yake, na siku ya kumaliza, na kioo kibovu kionyeshwe. Mafundi wa Yoashi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Uaminifu kama huo hujengwa kwa makubaliano yaliyo wazi.

Mwisho, tukinunua mpya, tusimpe maskini ile mbovu na kuiita sadaka. Nabii Malaki aliwakemea walioleta mnyama kilema madhabahuni. Itengenezwe kwanza, yafutwe yaliyomo, hasa barua na siri za watu, kisha itolewe ikiwa inawaka. Na ikiwa haitengenezeki kabisa, fundi aombwe achukue kumbukumbu, vitufe na viungo vinavyofaa, ili vikaiponye nyingine. Bwana alipokwisha kuwalisha watu elfu tano aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, ijapokuwa yeye aliweza kufanya mikate mingine. Basi nasi, tusioweza, tuvikusanye vyetu.