Mashine Hupimwa, na Mtu Je?

Je, ni haki kukilaumu kitu kwa kushindwa jambo ambalo hakikuundwa kulifanya? Swali hili lililetwa nyumbani kwangu hapa Katumba na mjukuu wangu. Kwa fedha za mavuno ya tumbaku alikuwa amenunua mjini Mpanda kompyuta ya mapajani iliyokwisha kutumika. Muuzaji alimwapia kwamba inabeba kila kitu. (Mtu akikuambia hivyo, ndugu msomaji, shika mfuko wako.)

Alipoiwekea mchezo wa mpira uitwao FIFA 23, uliotoka mwaka 2022, wachezaji walikwenda kama watu wanaovuka tope, kisha picha ikaganda.

"Babu, nimeuziwa mashine mbovu."

Tukaketi kuikagua. Alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, akaandika dxdiag, nayo kompyuta ikajieleza yenyewe: kumbukumbu gigabaiti 4, kadi ya picha ya peke yake haina. Watengenezaji wa mchezo walikwisha kutangaza kiwango cha chini: kumbukumbu gigabaiti 8, nafasi ya gigabaiti 100 katika diski, na kadi ya GeForce GTX 1050 Ti au iliyo sawa nayo. Kadi hiyo ndiyo inayochora picha mara nyingi kila sekunde. Kumbukumbu aghalabu huweza kuongezwa, lakini katika kompyuta nyingi za mapajani kadi ya picha imechomelewa kwenye ubao mkuu, huwezi kuibadilisha.

Basi haikuwa mbovu. Barua iliandika, hesabu ilipiga. Ilikuwa imedaiwa isichokuwa nacho.

Nilinyamaza, maana nilimkumbuka mtu. Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikwenda kumkagua mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Watoto walijibu, yeye akawapita kama hakuna aliyesema. Niliandika kwamba hana uwezo wala bidii, naye akarudi kwao. Baadaye nikaambiwa na mwenzake kwamba sikio lake moja lilikuwa halisikii. Sikuwa nimemwuliza hata swali moja.

Mtu atasema: ungalipima kwanza, kama mlivyoipima kompyuta. Hapo ndipo ninaposita. Kama ningalikuwa na orodha ya kiwango cha chini, ingalisema mwalimu lazima asikie, nami ningalimkataa kwa dhamiri safi. Kumbe alihitaji kusogea karibu na madawati tu, upande wa sikio zima.

Mashine haiwezi kusogea. Ilivyo leo ndivyo itakavyokuwa kesho, mpaka mtu aifungue. Lakini makazi haya ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Waliingia katika msitu wa miombo. Angekuja mkaguzi na orodha siku ile, nani angefaulu? Hata hivyo walifyeka, wakalima, wakajilisha, na mwaka 2014 wengi wao wakapokea vyeti vya uraia wa Tanzania.

Mjukuu wangu sasa anacheza mchezo wa zamani zaidi, usiodai mengi, na halalamiki. Yule mwanachuo, kama yu hai, amevuka miaka hamsini. Jina lake ninalo, na kijiji chao ninakijua. Barua bado sijaiandika.