Grisi ya Liemba

Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao, Goetzen, karibu na Kigoma ili isitekwe. Kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito, wakitumaini kuirudia. Grisi ikamfaa adui: Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba.

Ninaandika upya tovuti ya zamani ya mafunzo. Msimbo ni vurugu tupu, kusema kweli. Ila aliyeuandika aliacha maelezo pembeni: kurasa ziwe nyepesi, wanafunzi hawana bando. Hakuniandikia mimi. Je, nina deni kwake?

Liemba ilivuliwa injini za mvuke miaka ya 1970, ikawekewa za dizeli, bodi ikabaki. Vurugu nafuta. Maelezo yale nayaacha, na kurasa zangu nazipima kwayo.