Mzazi Aliyefiwa na Neno "Lau"

Liko swali moja ambalo watu wengi hulikwepa kwa uzito wake. Mzazi amefiwa na mwanawe wa miaka 16 kwa maradhi ya saratani. Miaka yapita, naye hamsahau, na kila amkumbukapo husema moyoni, "Lau ningalifanya vile, angalikuwa hai." Je, mzazi huyu amekosa subira? Na neno hilo "lau" ni haki yake, ama ni adhabu anayojipa bure?

Jambo hili lipo, wala haliko mbali nasi. Chai tunywayo asubuhi kwa mahamri, huku kwetu pwani, hulimwa katika vilima vya Kericho na Bomet. Kapsoit ni mji mdogo wa huko, katika njia itokayo Kericho kwenda Kisumu. Katika nchi hiyo saratani ya umio, yaani ya njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni, huwapata watu wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Kwingineko ni maradhi ya wazee. Huko huwapata hata vijana. Mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Tenwek, iliyoko Bomet, walichapisha habari za wagonjwa 109 ambao hakuna hata mmoja wao aliyepita umri wa miaka 30. Maradhi haya huanza kwa ugali kukataa kupita, kisha uji, hata maji nayo yakawa ni mateso.

Wataalamu wamezitaja sababu wanazozishuku. Moja ni chai inywewayo ikali moto sana. Nyingine ni mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu yanayotiwa masizi ya mti. Mwaka 2016 idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema kwamba kinywaji kizidicho nyuzi 65 za moto yaelekea huleta saratani ya umio.

Basi natumfikirie mama wa Kapsoit aliyefiwa, asikiapo maneno hayo. Chai ile aliimimina kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi ya baridi, mtoto asitoke na tumbo tupu kwenda shule. Sasa mapenzi yale yamgeukia kuwa mashtaka. Na jirani akija humzidishia: huyu ataja jicho, yule ataja husuda.

Hapa ndipo ilipo dhuluma. Wataalamu huzipima hatari kwa watu wengi pamoja. Hawawezi kusema kwamba kikombe fulani ndicho kilichomuua mtoto fulani. Ndugu zake walikunywa katika birika ile ile, na wangali hai. Wenye elimu wamesema "yaelekea", na huzuni imelifanya neno hilo kuwa "hapana shaka".

Natumwangalie Mtume wetu (s.a.w.), ambaye katika watoto wake wote ni Fatima peke yake aliyebaki nyuma yake. Mwanawe Ibrahim alipofariki, mwaka wa 10 wa Hijra, alilia mbele za watu. Alipoulizwa, akaeleza kuwa machozi hayo ni rehema. Siku ile jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo cha mtoto wake. Ni maneno ambayo baba mwenye huzuni angalipenda kuyasikia. Yeye aliyakataa: jua halipatwi kwa kufa mtu yeyote wala kwa kuzaliwa kwake. Twajifunza hapo mambo mawili. Kulia na kukumbuka hakupingani na subira. Lakini huzuni, hata iwe ya Mtume, haina ruhusa ya kuzua sababu isiyokuwapo.

Kwa hivyo twasema kwamba "lau" ziko mbili. Iko iangaliayo nyuma, ikamfanya mzazi awe hakimu na mshtakiwa wa nafsi yake. Hiyo ndiyo tuliyokatazwa, kwani humfungulia Shetani mlango. Na iko iangaliayo mbele: chai na ipoe kidogo, na kijana alalamikaye kwamba chakula hakipiti apelekwe hospitali upesi. Hiyo ni elimu, na kuitumia ni wajibu.

Wala tusiifunike elimu hiyo kwa neno "kadari". Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wapatwao na saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Tofauti hiyo yatokana na kuchelewa kujulikana maradhi, na uhaba wa dawa, waganga na fedha. Kuiita kadari kisha tukakaa kimya ni kumsingizia Mwenyezi Mungu uzembe wetu.

Ama mzazi aliyefiwa, awe wa dini yetu au si wa dini yetu, mwacheni alitaje jina la mwanawe. Msimwambie "sahau", wala msimtafutie mchawi. Kaeni naye, msikilizeni. Mwenyezi Mungu awape wazazi wote waliofiwa subira njema, na atujaalie sisi kuwa majirani wema. Amin.